Hojaji Zilizojazwa Naro Moru Ziko Wapi?

Mtafiti anayetaka kuingia katika shule ya msingi au ya upili karibu na Naro Moru hufika akiwa na bahasha nene. Ndani yake mna barua ya chuo kikuu anakosomea, leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), na idhini za afisi ya kamishna wa kaunti na ya mkurugenzi wa elimu mjini Nyeri. Mwalimu mkuu hukagua mihuri, hutoa ruhusa, na hojaji zikagawiwa walimu. Huwa na kurasa kadhaa: umri, jinsia, miaka ya kufundisha, kisha msururu wa kauli ambazo mwalimu huziwekea alama kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Nyingine hujazwa wakati wa chai, nyingine hupelekwa nyumbani na kurudishwa kesho yake. Wanafunzi nao huulizwa kama walikula asubuhi, kama wana taa ya kusomea, ni mara ngapi walikosa shule muhula uliopita na kwa sababu gani. Kisha mtafiti huaga, na kwa shule nyingi huo ndio huwa mwisho wa habari.

Tasnifu ikikamilika, sura yake ya nne huwa imejaa majedwali ya asilimia. Mwishoni huwekwa viambatisho: barua ya utambulisho, nakala ya leseni, ramani ya eneo la utafiti, na hojaji yenyewe, ikiwa tupu. Zile zilizojazwa hazimo. Zimebaki kwenye katoni nyumbani kwa mtafiti, au majibu yake yamo katika kipakatalishi ambacho kikiibwa au kikiharibika yanapotea nacho. Msomaji huelezwa kwamba walimu wengi wa Kieni Mashariki, eneo ilimo Naro Moru, wanalaumu umaskini kwa utoro wa wanafunzi, lakini hawezi kujua kama waliosema hivyo wanafundisha kule juu karibu na msitu, kwenye mvua na mashamba ya viazi, au kule chini kwenye ukame unaoelekea Laikipia, ambako mito ikikauka watoto hutumwa maji mbali. Mtafiti wa mwaka unaofuata, mwenye swali lililo karibu na hilo, hana budi kurudi kwa walimu walewale na kuwauliza yaleyale.

Ninashikilia kwamba data inayokusanywa katika shule za umma, kwa leseni iliyotolewa na serikali, inapaswa kuhifadhiwa hapa nchini mahali ambapo wengine wanaweza kuipata, baada ya kuondolewa kila kinachoweza kumtambulisha mtoto, na kwamba matokeo yake yarudishwe kwa shule iliyoitoa kwa lugha inayosomeka. Kuweka tasnifu mtandaoni ni hatua nzuri, na vyuo vyetu vinastahili sifa kwa hilo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipitisha sera ya ufikiaji huria mwaka 2012, na vyuo viwili vya nyumbani, Karatina na Dedan Kimathi, vina hazina za kidijitali ambako mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma kazi za wanafunzi na wahadhiri wao bila kulipa. Lakini tasnifu ni maelezo ya mtafiti kuhusu alichokiona. Data ndiyo inayomwezesha mtu mwingine kuangalia kama aliona sawasawa.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana wazi katika kisa cha Busia, pengine utafiti wa shule uliojadiliwa kuliko wote uliowahi kufanyika Kenya. Mwaka 1998 shirika moja la Kiholanzi lilianza kuwapa dawa ya minyoo wanafunzi wa shule 75 za msingi, wanafunzi zaidi ya 30,000. Kwa kuwa dawa haikuweza kufika kote kwa pamoja, shule ziligawanywa katika makundi matatu yaliyoanza kwa zamu, na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer wakalinganisha waliotangulia na waliosubiri. Makala yao ya mwaka 2004 yalisema kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Alama za mitihani, walikiri, hazikupanda. Matokeo hayo yalizunguka dunia na kusukuma kampeni za dawa za minyoo shuleni katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya.

Kisha watafiti wa chuo cha afya na tiba za tropiki jijini London wakaomba data ile, na waandishi wakawapa yote pamoja na maagizo ya kompyuta yaliyotumika katika hesabu. Mwaka 2015 Waingereza hao walichapisha walichokiona. Kulikuwa na makosa katika hesabu, na yaliposahihishwa, manufaa kwa shule za mbali, zilizo kati ya kilomita tatu na sita, hayakusimama tena. Walipopima upya kwa mbinu nyingine, wakasema ushahidi wote ni dhaifu kuliko ulivyoelezwa. Waandishi wa awali walikubali makosa, wakatetea kiini cha kazi yao: katika shule zilizopewa dawa na zile za karibu kabisa, mahudhurio yaliongezeka. Mabishano yalikuwa makali, na hayajaisha. Jambo la kutazama ni kwamba yaliwezekana. Mtu yeyote anayejua takwimu anaweza leo kuichukua data ya Busia na kuamua mwenyewe. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kumbukumbu zilitunzwa vizuri, watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima, na mwaka 2021 ikachapishwa ripoti kwamba miaka 20 baadaye waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13. Hakuna data iliyofungiwa kwenye katoni inayoweza kuzaa maarifa ya namna hiyo.

Hata hivyo kisa cha Busia kina upande ambao mashabiki wa data huria huupita haraka. Data ile ilihifadhiwa katika hazina ya Chuo Kikuu cha Harvard, na makala yaliandikwa kwa Kiingereza cha wanauchumi. Profesa wa Boston anaifikia kwa dakika moja. Mwalimu wa Funyula, aliyesimama mlangoni akihesabu watoto waliofika, hana njia hiyo, na hata akiipata atakuta mafaili yasiyofunguka bila programu maalumu. Ndiyo maana ninasisitiza mambo mawili kwa pamoja, data kuwa wazi kwa watafiti na matokeo kurudi kwa shule. Kutimiza la kwanza bila la pili ni kuwafanya watoto wetu malighafi ya kusafirishwa nje.

Kuna hatari nyingine katika kutunziwa vitu vyetu na wengine, na tumeiona juzi tu. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kote kuanzia 2015 kwa ufadhili wa shirika la Marekani la USAID, ulikusanya habari nyingi za usomaji wa watoto wa madarasa ya chini kuliko mradi wowote uliotangulia. Afisa wa kusaidia mtaala aliingia darasani na tableti, akatazama somo, kisha akachagua watoto watatu bila upendeleo na kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa muda uliopimwa, akigusa kwenye kioo kila neno lililokosewa. Majibu yalitumwa mtandaoni na kuonekana kwa jumla ya kaunti. Huo ulikuwa mfumo mzuri kweli kweli. Lakini ripoti na data za miradi ya aina hiyo ziliwekwa kwa sehemu kubwa kwenye tovuti za mfadhili, na Februari 2025 tovuti ya USAID ilizimwa ghafla kwa uamuzi wa Washington. Kufikia Julai mwaka huo shirika lenyewe lilikuwa limekoma kuendesha misaada. Mtu aliyezoea kutafuta humo ripoti kuhusu usomaji wa watoto wa Kenya alikuta anwani hazifunguki. Taifa halipaswi kuhitaji ruhusa ya serikali nyingine ili lijue watoto wake walisoma vipi mwaka 2016.

Wakazi wa Naro Moru hawahitaji kuelezwa faida ya vipimo vinavyobaki karibu, kwa sababu mto wao ni miongoni mwa mito iliyopimwa sana katika nchi hii. Kuanzia 1984 mpango wa utafiti wa Laikipia, ulioungwa mkono na Chuo Kikuu cha Bern cha Uswisi, ulipima mvua na kina cha maji kutoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya hadi Ewaso Ng'iro, na kazi hiyo ikarithiwa na kituo cha CETRAD mjini Nanyuki kilichoanzishwa 2002. Mwaka huohuo Sheria ya Maji ilivipa nafasi vyama vya watumiaji maji, na wakulima wa juu na wa chini waliokuwa wakigombana kila kiangazi wakapata mahali pa kuketi pamoja. Vipimo vya miaka mingi vilisaidia kuonyesha kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakipungua huku uchotaji ukiongezeka, jambo ambalo hapo awali kila upande ulilisema kwa hasira na upande mwingine ukalikana. Ugomvi haujaisha kabisa, lakini unajadiliwa juu ya takwimu ambazo pande zote zinaweza kuziona. Shule zilizo kando ya mto huohuo hazina kitu kama hicho. Mzazi akisema watoto wanaacha masomo kwa ajili ya vibarua vya mashambani, na afisa akijibu kwamba hali ni afadhali kuliko zamani, hakuna rekodi ya miaka kumi wanayoweza kuifungua wote wawili, ingawa watafiti wamekuwa wakiuliza swali hilohilo muda wote huo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni usalama wa watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na haichezi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika maeneo kama Kieni tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kufuta jina hakutoshi. Shule ikiwa na mkondo mmoja tu, na darasa la sita likiwa na mtoto mmoja tu anayetumia kiti cha magurudumu, au msichana mmoja aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, mtu wa kijiji atamtambua mara moja hata kama ameandikwa kwa nambari. Wanaotetea data huria wakilipuuza hili wanastahili kukataliwa.

Lakini sheria hiyohiyo inatambua utafiti na takwimu kama matumizi halali mradi matokeo yasimtambulishe mtu, na ufundi wa kuyatimiza hayo upo tangu zamani. Jina la shule huondolewa na kubaki ukanda, umri huwekwa kwa makundi, safu zenye mtu mmoja au wawili huunganishwa au kufutwa. Data isiyoweza kusafishwa kiasi hicho haiwekwi hadharani. Hutolewa kwa mwenye kuomba, akieleza sababu na kutia saini kwamba hatajaribu kumtafuta mtu yeyote. Muungano wa SACMEQ, uliopima wanafunzi wa darasa la sita wa Kenya na nchi nyingine za kusini na mashariki mwa Afrika, ulitoa data zake kwa waliotuma maombi, na Shirika la Kitaifa la Takwimu hutoa sampuli za sensa zikiwa zimeondolewa vitambulisho. Katoni iliyo chini ya kitanda haimlindi mtoto kuliko hivyo. Huenda majina kamili yamo ndani, na hakuna anayejua nani ataifungua.

Walimu wakuu wana hofu yao, nayo ni aibu. Novemba 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani, kwa sababu orodha zile zilikuwa zimezaa ushindani mbaya. Ni rahisi kudhani kwamba kufungua data ni kuzirudisha kwa mlango wa nyuma. Nionavyo, orodha ziliumiza kwa sababu nambari iliyopatikana ilikuwa moja tu, wastani wa alama. Shule ya kutwa iliyo kwenye ukame, yenye walimu pungufu na wanafunzi wasiokula mchana, iliwekwa kwenye ngazi moja na shule ya kitaifa ya bweni, na hakuna aliyeweza kuona tofauti nyingine. Mahudhurio, idadi ya walimu, umbali wa nyumbani na chakula vikiwekwa kando ya alama, mwalimu mkuu wa shule ile hupata hoja ya kupeleka Nyeri na Nairobi, jambo ambalo sasa hulieleza kwa mdomo tu.

Watafiti wenyewe ndio wenye lalamiko linalonigusa zaidi. Mhadhiri kijana hutumia akiba yake kulipa nauli, kuchapisha hojaji na kuwalipa wasaidizi. Anaombwa aweke data yake wazi, na kabla hajaandika makala ya pili, profesa wa ng'ambo mwenye wasaidizi sita anaichukua na kuchapisha. Haki haiko hapo, na wanaohubiri uwazi kutoka vyuo tajiri huisahau. Dawa yake ni muda wa kusubiri, tuseme miaka miwili au mitatu, ambapo data imehifadhiwa lakini haijafunguliwa, na baada ya hapo kila anayeitumia alazimike kumtaja aliyeikusanya kama anavyotaja kitabu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoweka vigezo vya pamoja vya kupandisha wahadhiri vyeo mwaka 2014, inapaswa kuhesabu mkusanyo wa data uliotunzwa vizuri kama inavyohesabu makala. Hilo lisipofanyika, kuwaomba watu waweke data ni kuwaomba wajinyime.

Kuhusu majarida nitasema machache. Makala kuhusu wanafunzi wa Kenya ambayo yamefungwa nyuma ya malipo ya dola 30 au zaidi hayasomwi na mwalimu wa Kenya, na ada za kuyafungua, ambazo katika majarida makubwa hupita dola 2,000, hazilipiki kwa mshahara wa hapa. Majarida yanayoendeshwa na vyuo vyetu, na jukwaa la majarida ya Afrika mtandaoni lililoanza 1998, vinatoa njia nyingine, na fedha za umma zingeelekezwa huko.

Limebaki pingamizi linalotokana na ushahidi. Tangu 2009 Uwezo, mradi ulioanzishwa na shirika la Twaweza katika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwapeleka wananchi wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu. Ulitangaza kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili, na ulimweleza mzazi matokeo ya mwanawe palepale nyumbani. Ukaweka pia data zake wazi. Mwaka 2014 wasomi watatu wa Marekani, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walichapisha utafiti uliouliza kama wazazi wa vijijini Kenya waliopata habari hizo walibadili mwenendo, kwa kufuatilia shule au kudai mabadiliko. Hawakuona tofauti ya maana. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kama mzazi aliyeambiwa ana kwa ana kwamba mwanawe hasomi hakuchukua hatua, hazina ya data mtandaoni itamsaidia nani?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito, na jibu langu linapunguza madai yangu. Data wazi haitaamsha kijiji. Mzazi aliyepewa alama ya mwanawe alikuwa amepewa habari mbaya bila kuelezwa afanye nini, amwendee nani, na kama jirani yake yuko tayari kwenda naye. Ninayoyataka yanawalenga wengine: mwalimu mkuu anayeandika mpango wa shule, bodi ya usimamizi inayoamua kama karo ya chakula iongezwe, afisa wa elimu anayegawa walimu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta swali ambalo halijaulizwa. Hawa wana kazi za kufanya na hukwama kwa kukosa takwimu za mahali pao. Na tunajua udhaifu wa njia ya Uwezo kwa sababu Uwezo ilijiweka wazi kupimwa.

Sheria za kuanzia tunazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka afisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Mwezi Julai 2011 Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya hapa Nyeri, alizindua tovuti ya kitaifa ya data huria, na Kenya ikasifiwa kama mtangulizi barani. Tovuti ile ilizeeka kwa sababu idara hazikuwa na wajibu wa kuilisha, na data nyingi zilibaki bila kusasishwa. Kwa hivyo wajibu ufungwe mahali ambapo mtafiti hawezi kuukwepa, nako ni kwenye leseni. NACOSTI tayari humtaka mwenye leseni awasilishe ripoti yake ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Sharti hilo linahusu ripoti. Liongezewe data iliyosafishwa, maelezo ya namna ilivyokusanywa, na hojaji iliyotumika, vyote viwekwe katika hazina ya chuo cha Kenya.

Afisi ya elimu ya Nyeri haina haja ya kusubiri Nairobi. Barua ya idhini inayompa mtafiti ruhusa ya kuingia shuleni inaweza kuongezwa sharti la kuacha nakala ya data katika maktaba ya Karatina au Dedan Kimathi, na lingine la kupeleka kwa kila shule iliyoshiriki ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili, kabla tasnifu haijatetewa, ili mwalimu aliyejaza awe na nafasi ya kusema mtafiti alikosea wapi.